Namna ya kusubiri bila kufa moyo, kwa sisi tunaoishi Uganda kipindi hiki

Ndugu zangu, haya naandika kwa mtu anayengoja kitu na kitu chenyewe hakiji. Unangoja kazi, unangoja simu ya kuitwa safari ya wakimbizi kuhamishiwa nchi nyingine, unangoja majibu ya hospitali, unangoja vita viishe Kivu, mashariki mwa Congo, urudi kwenye shamba la baba yako, ama unangoja tu bei zishuke upumue kidogo. Na wakati unangoja mambo yako yakae sawa, dunia nayo haitulii, ukilala ukiamka kuna jambo limeamuliwa na watu wasiojua hata jina la kijiji chako, na jambo hilo linaingia mpaka kwenye sufuria yako.

Tuhesabu machache tu. Machi 2020 shule zilifungwa Uganda nzima na hazikufunguliwa kwa watoto wote mpaka tarehe 10 Januari 2022, hakuna nchi nyingine duniani iliyofunga muda mrefu hivyo. 2022 petroli ikapanda mpaka nauli ya taxi ikawa ugomvi wa kila asubuhi, Septemba mwaka huohuo Ebola ikatangazwa Mubende, watu wa Mubende na Kassanda wakazuiwa kutoka, ikaja kuisha Januari 2023. Mwisho wa Januari 2025 mji wa Goma kule Congo ukaanguka mikononi mwa waasi wa M23, Februari Bukavu, familia zikavuka mpaka kuja kuungana na wenzao huku, na mwezi huohuo wa kwanza Marekani ilikuwa imeshasimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi na kukata misaada, watu waliokuwa wameshapangiwa ndege wakaambiwa hakuna safari tena. Mwezi wa tano WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, likawaondoa karibu watu milioni moja kwenye mgao wa chakula hapa Uganda, na hii ndo nchi inayohifadhi wakimbizi wengi kuliko zote Afrika.

Sasa kwenye hali kama hii ukimwambia mtu "vumilia tu" ukaenda zako, hujamsaidia. Ninachotaka kusema ni hiki, na yote yanayofuata yanatoka hapo: kusubiri kunakojenga ni kule ambako kuna kazi ndani yake na kuna tarehe. Kusubiri kusiko na kazi wala tarehe kunakula mtu taratibu hadi anakwisha.

Ujue kwanza matumaini ni kitu gani

Wengi wetu tunadhani matumaini ni moyo kuwa mwepesi, ukiamka unajisikia vizuri basi unayo, ukiamka mzito basi yamekwisha. Si hivo. Kulikuwa na mwanasaikolojia mmoja, C. R. Snyder, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Kansas kule Marekani, kuanzia miaka ya 1990 aliyaeleza matumaini kwa vitu vitatu: kuna kitu unachokitaka, kuna njia unayoiona ya kukifikia, na kuna ule msukumo wa ndani unaokuambia naweza kuitembea njia hii. Vikiwepo vyote vitatu una matumaini hata kama machozi yanakutoka, kimoja kikikatika ndo giza linaingia.

Hapa ndo pana faida, maana unaweza kujipima. Jiulize, kwangu kilichokatika ni kipi? Mtu aliyefutiwa safari bado anajua anachotaka, anataka watoto wasome na yeye afanye kazi bila hofu, ila njia ndo imezibwa. Huyo anahitaji kukaa na watu wanaojua mambo watafute njia ya pili na ya tatu. Mama aliyezunguka mwaka mzima akitafuta kibarua anazijua njia zote, tena kuliko wewe, kilichomwishia ni nguvu, ukimletea wazo jipya la biashara unamwongezea mzigo, mshikie mtoto siku mbili alale kwanza. Alafu kuna kijana ambaye hajui hata anataka nini tena, alitaka kuwa daktari, karo ikaisha, akataka boda, boda ikaibiwa, sasa ukimuuliza anakuambia "mi nipo nipo tu". Na huyo usimuulize kuhusu miaka mitano ijayo, muulize wiki hii angependa kitu gani kiwe tofauti, hata kidogo. Watu watatu hawa sisi tunawapa dawa moja tu, alafu tunashangaa mbona haifanyi kazi.

Kiandike kilichobadilika kwa jina lake

Chukua daftari la shule na kalamu. Usiandike "maisha yameharibika" maana hilo halina pa kulishika, andika jambo lenyewe: tangu mwezi wa tano hatupati chakula, kodi ya mwenye nyumba imepanda, kaka yangu hajapiga simu tangu watoke Bukavu, mkataba wangu umeisha na hawakunipa mwingine. Kila moja kwenye mstari wake. Kuna watu wakifanya hivi wanakuta walidhani wana matatizo hamsini kumbe ni manne yenye kelele nyingi.

Alafu pembeni ya kila moja uandike ni la nani. Watu wengi wanafundisha mafungu mawili, yaliyo mikononi mwangu na yasiyo mikononi mwangu, mi naona hapo wanaruka fungu lililo kubwa kuliko yote kwa watu kama sisi, yale ambayo peke yangu siyawezi lakini mimi na majirani tunayaweza. Bei ya mafuta duniani si yako wala ya jirani yako, iache. Kuoga, kunywa dawa kwa saa, kumpigia mdogo wako, hayo ni yako leo. Lakini kuna kununua gunia la mahindi kwa pamoja mkagawana badala ya kila mtu kununua kilo dukani, kuna kupeleka watoto shule kwa zamu ili wazazi wengine wawahi kazini, kuna kumwendea mwenyekiti wa LC, yaani wa serikali ya mtaa, kuhusu bomba la maji mkiwa watu ishirini badala ya mmoja. Hayo ni yetu. Mtu akijifungia ndani anabaki na mafungu mawili tu na anajiona hana uwezo, kumbe sehemu kubwa ya uwezo wake iko nje ya mlango.

Panda dodo (mchicha), maharage na kahawa kwa wakati mmoja

Hii ndo sehemu ninayotaka uishike hata kama mengine utayasahau.

Mkulima wa huku Masaka ama Mukono akipanda mche wa kahawa robusta leo anajua atangoja miaka miwili mpaka mitatu ndo avune cha maana. Hakai akiutazama. Katikati ya kahawa anatia maharage ambayo baada ya miezi mitatu hivi yako tayari, na karibu na jiko anamwaga mbegu za dodo, mwezi haujaisha sana watoto wanakula mboga. Huyo mtu anasubiri mara tatu kwa wakati mmoja, na subira ndefu inabebwa na zile fupi. Angekuwa na kahawa peke yake angekufa njaa kabla ya kuvuna, angekuwa na dodo peke yake asingejenga nyumba.

Sasa angalia kusubiri kwako. Watu wengi niliozungumza nao, hasa hapa Kampala, Nsambya, Katwe, Kansanga huko, wana kahawa peke yake. Kuna mtu miaka inapita anasema "tukishaenda Canada nitajifunza kompyuta, tukishaenda nitamtafutia mtoto daktari wa macho", kila kitu kimewekwa upande wa pili wa safari ambayo hawezi kuisukuma hata kidogo. Mi simwambii aache kuitaka safari, aitake, faili liendelee. Ila apande na vingine.

Dodo ni kitu kitakachoonekana ndani ya wiki chache: kutengeneza paa linalovuja, kulipa deni dogo kuliko yote dukani ili upite pale bila kuinama, kufanya mazoezi kila asubuhi, kufuma kikapu kimoja kikaisha. Usidharau, maana mtu aliyekata tamaa mwili wake umesahau kwamba akifanya kitu kinaleta kitu, na hapo ndo anakumbuka.

Maharage ni ya msimu mmoja, miezi mitatu minne: kujifunza cherehani, kusoma Kiingereza ama Kiluganda mpaka uweze kubishana bei sokoni bila mkalimani, kuweka akiba ya mtaji wa sigiri na mafuta ya kukaangia uanze chapati. Hapa uweke tarehe ya kumaliza, uiandike.

Na kahawa ni lile kubwa lako. Hata hilo lina kazi ndogo ndani yake. Kama ni kesi ya kuhamishiwa nchi nyingine, kazi yako ni karatasi ziwe sawa, namba ya simu isibadilike bila kutoa taarifa, na uwe na siku moja ya mwezi ya kuuliza, labda Jumanne ya kwanza, siku nyingine zote hilo jambo halina ruhusa ya kukaa kichwani asubuhi mpaka jioni. Na nisisitize hapa maana inaniuma sana kuona watu wanavyoliwa, huduma za UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, na mashirika yanayofanya nao kazi ni bure, mtu yeyote akikuambia utoe pesa faili lisukumwe huyo ni mwizi hata kama anavaa kitambulisho shingoni. Na wakati unangoja ukumbuke Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inakupa haki ya kufanya kazi na kutembea ndani ya nchi, kwa hio kupanga maisha ya hapa si kusaliti safari, ni kuhakikisha safari ikija inakukuta mzima.

Kahawa yenyewe ina historia ya kufundisha. Miaka ya 1990 ugonjwa wa kunyauka uliingia Uganda ukakausha sehemu kubwa sana ya robusta, wazee wakang'oa mashamba waliyorithi wakachoma moto. Hakuna aliyeweza kuurudisha mti uliokauka. Ila watafiti wa kituo cha kahawa cha Kituza kule Mukono walikwenda kwenye mashamba yaliyokufa wakatafuta miti michache iliyobaki hai, wakachukua vipando, wakajaribu mwaka baada ya mwaka, mpaka wakapata mbegu zinazohimili ugonjwa na leo zinapandwa. Swali waliloanza nalo unaweza kuliuliza na wewe kwenye nyumba yako: katika haya yote yaliyokauka, kipi bado kiko hai?

Simu uiwekee mpaka

Wakati Goma inaanguka kuna watu hawakulala, simu mkononi, sauti za kutumwa WhatsApp moja baada ya nyingine, nusu yake uongo, nyingine picha za vita vya nchi nyingine kabisa, na kila ukisikia moyo unaruka upya. Kujua ni haki yako, watu wako wako kule. Lakini kusikia habari moja mara ishirini hakumlindi mtu yeyote.

Familia moja ninayoijua waliamua mtu mmoja tu, kijana mkubwa, ndo anafuatilia, anasikiliza Radio Okapi, redio ya Umoja wa Mataifa kule Congo, anapiga simu kwa ndugu, alafu anawaambia wenzake saa saba mchana na saa mbili usiku, basi. Habari ikitoka sehemu moja tu wanaiweka kando mpaka isikike na kwingine. Mama aliniambia siku ya kwanza alihisi kama anawaacha watu wake, baada ya siku kadhaa akaanza kupata nguvu ya kuwatafutia pesa ya kuvukia badala ya kulia tu. Mkijaribu mbadilishane zamu, yule mfuatiliaji naye ni mtu.

Na yale mawazo yanayokuja yenyewe bila simu, kuna njia ya zamani kidogo ambayo wataalamu wameijaribu tangu miaka ya 1980 na inasaidia watu wengi: yape saa yao. Chagua nusu saa, tuseme saa kumi na moja jioni, na sehemu moja ya kukaa, isiwe kitandani. Mchana wazo likija liandike neno moja kwenye daftari uliambie tutaonana saa kumi na moja. Saa ikifika kaa uwaze kweli kweli, utafute kama kuna hatua, nusu saa ikiisha simama ukawashe moto. Siku za kwanza itakuwa ngumu, mawazo hayazoei foleni haraka.

Moyo ukienda mbio

Kuna mafunzo ya Shirika la Afya Duniani yaliyojaribiwa hapahapa Uganda, kwenye kambi ya Rhino Camp upande wa West Nile, na wanawake wakimbizi wa Sudan Kusini karibu 700 kutoka vijiji 14. Vikao vitano, kikundi kinasikiliza sauti iliyorekodiwa na kuangalia michoro, wanaoongoza hawakuwa madaktari. Matokeo yalitoka 2020, miezi mitatu baadaye waliopata mafunzo walikuwa na mateso ya moyo pungufu kuliko wenzao. Mi nimechukua kitu kimoja tu pale na nakufundisha kama ninavyokielewa.

Wazo baya likikushika, usipigane nalo na usikimbie. Litambue ulipe jina, sema ndani yako "hili ni wazo la hofu". Alafu kanyaga ardhi, miguu yote miwili, sukuma chini taratibu, nyoosha mgongo, vuta pumzi polepole na uitoe polepole kuliko ulivyoivuta. Angalia vitu vitano vilivyo mbele yako, sikiliza sauti tatu, labda ni boda inapita, mtoto wa jirani, redio, gusa kitu kilicho karibu uhisi kama ni baridi ama moto. Alafu rudi kwenye kile ulichokuwa unafanya, uwe unaosha vyombo osha vyombo. Maumivu hayataondoka na hayo si lengo, lengo ni wewe uendelee kushika usukani yakiwa bado yamo ndani ya gari. Ufanye mazoezi wakati umetulia, maana dhoruba ikifika ndo huna akili ya kujifunza.

Subira haikatazi kulia

Hapa nisemane na viongozi wa dini na wazee wa familia kwa heshima yote. Tunawafundisha watu kwamba mwenye subira halalamiki. Lakini Nabii Yaqub alipompoteza Yusuf alisema subira ni njema, na bado alilia mpaka macho yakawa meupe kwa huzuni, na hakuna anayesema hakuwa na subira. Ayubu alilalamika mpaka akailaani siku aliyozaliwa, na rafiki zake walichofanya vizuri kuliko yote ni kukaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, walipoanza kutoa ushauri ndo mambo yakaharibika.

Kwa hio mtu aliyeondokewa, hata kama kilichoondoka si mtu bali ni nyumba, nchi, kazi ya miaka kumi, mpe nafasi aomboleze. Tulivyozoea msiba tunajua la kufanya, tunapika, tunakaa, tunalala kwenye mkeka. Ila mtu akifutiwa safari ama akifukuzwa kazi hakuna mkeka unaotandikwa, anaomboleza peke yake akiwa amesimama. Tandikeni. Jioni moja tu, chai, watu wanne, aseme yote.

Box

Kama hauko kwenye kikundi cha akiba basi hii ndo hatua ya kuanza nayo wiki hii, kabla ya nyingine zote. Vikundi hivi vinajulikana, watu 15 mpaka 25 wanaoaminiana, mnakutana kila wiki siku ileile, kila mmoja ananunua hisa kulingana na uwezo wake, mnakopeshana, mwisho wa mzunguko, mara nyingi mwezi wa kumi na mbili, mnafungua na kugawana. Sanduku lina kufuli tatu na funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti, sanduku lenyewe kwa mtu wa nne, kwa hio hakuna wa kulifungua peke yake. Pesa zinahesabiwa mbele ya wote kwa sauti. Na muwe na mfuko wa pembeni wa dharura, kila mtu anatia kidogo kila wiki, wa msiba na ugonjwa, hauna riba.

Mkianza hisa iwe ndogo, mwenye kipato kidogo kuliko wote aiweze bila kukopa, kikundi kinachowaonea aibu maskini wake hakifiki mwisho wa mwaka. Msikubali mtu asiyejulikana na yeyote eti kaletwa na shirika. Na ajenda ya kwanza kila mkutano, kabla ya pesa, kila mtu aseme wiki yake ilikuwaje kwa dakika mbili.

Hizo dakika mbili si mapambo. Kulikuwa na utafiti Masaka na Rakai uliotolewa mwaka 2003, vijiji 30, watu wenye sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Vijiji nusu watu waliwekwa kwenye makundi wakakutana kila wiki kwa wiki 16, wanaowaongoza ni watu wa palepale waliofundishwa wiki mbili tu, wanaongea kuhusu misiba, ugomvi wa nyumbani na mabadiliko ya maisha na kutafutiana njia. Mwisho wake waliobaki na sonona kwenye makundi ni kama 7 katika kila 100, wakati vijiji vilivyokosa makundi ni zaidi ya nusu ya watu. Hakukuwa na vidonge, palikuwa na watu wanaorudi wiki ijayo kama walivyosema. Mi nikisoma hivo naelewa kwa nini mama zetu hawakosi siku ya kikundi hata mvua inyeshe vipi.

Watoto

Waambie ukweli kwa kipimo chao. Mtoto wa miaka saba akisikia mnanong'ona anajitungia hadithi mbaya kuliko ukweli, mwambie "mwezi huu tutakula mara mbili kwa siku, mimi na baba tunashughulikia, si kosa lako". Usiahidi tarehe usiyoijua. Na shikeni ratiba, saa ya kuamka, saa ya kusoma, saa ya kulala, hata kama shule hakuna. Zile shule zilipofungwa kuna watoto wazazi wao wasiojua kusoma waliwakalisha kila asubuhi na madaftari ya zamani, na zilipofunguliwa walirudi. Wasichana waliojifungua kipindi kile nao waliruhusiwa kurudi darasani, kwa hio kama una binti nyumbani anasema amechelewa, muda wake haujapita, mpeleke ukaongee na mwalimu mkuu.

Ikizidi

Kama wiki mbili mfululizo mtu hali, halali, hapendi tena alivyovipenda, ama anasema bora nife, hapo mwongozo huu hautoshi. Mpeleke kituo cha afya, uombe apelekwe kwenye kitengo cha afya ya akili, hospitali za rufaa za mikoa kama Mbarara, Masaka na Gulu wanazo, Kampala kuna Butabika ambayo ipo tangu 1955. Watu wanaogopa hilo jina kwa sababu ya matusi ya mitaani, ila wanaokwenda pale wengi wanatibiwa na kurudi nyumbani. Akisema anataka kufa usimwache peke yake, ondoa dawa za wadudu za shambani na kamba, kaa naye mpaka mfike kwa mtaalamu.

Na wanaotumia dawa za kila siku, za presha, kifafa, virusi vya UKIMWI, msiziache eti kwa sababu kliniki yenu imebadilishwa. Baada ya misaada kukatwa 2025 Wizara ya Afya iliagiza kliniki za virusi vya UKIMWI ziunganishwe na huduma za kawaida za hospitali, foleni imekuwa ndefu na wengine wanaona aibu kukaa na majirani, lakini dawa ni yako, nenda, uliza kama unaweza kupewa za miezi kadhaa kwa mara moja.

Kama wewe ndo jirani

Labda umesoma mpaka hapa na wewe hali yako si mbaya, unamwaza mtu fulani. Nenda kwake na kitu, sukari, unga wa posho, sabuni, usiende mikono mitupu na ushauri. Ulizeni kwanza kama wamekula. Kama anataka kuongea msikilize mpaka amalize, usimwambie kwamba kuna wenye shida kuliko yeye, hata kama ni kweli. Akimaliza muulize kitu kimoja, "wiki hii nikusaidie nini?", na akisema hakuna, chagua mwenyewe kitu kidogo, kumchotea maji jerikani mbili, kumsindikiza hospitali. Alafu ukiinuka mwambie siku ya kurudi. Usiseme "nitapita pita", sema Jumatano jioni, na Jumatano jioni uende.